Sauti Inayojibiwa: Mwongozo wa Kuandaa Kambi ya Waimbaji Nyasura

Mwaka 2014 ulitolewa utafiti uliofanywa Amboseli, Kenya, ambako tembo walisikilizishwa sauti za watu kwa spika iliyofichwa. Wanaume wa Kimaasai, wanaume wa Kikamba, pamoja na wanawake na wavulana wa Kimaasai, wote walikuwa wamerekodiwa wakisema maneno yaleyale, kila mtu kwa lugha yake: tazameni kule, kundi la tembo linakuja. Tembo waliposikia wanaume wa Kimaasai, ambao huwakabili mara kwa mara kwa mikuki, walijikusanya, wakanyanyua mikonga kunusa hewa, wakaondoka. Kwa sauti za Wakamba hofu ilikuwa ndogo zaidi, na kwa sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai vilevile. Tembo alikuwa anatofautisha kabila, jinsia na umri kwa sikio tu.

Habari hiyo inafaa kuwekwa mezani kabla ya kuzungumzia magodoro na nauli. Nyasura ni kata ya mji wa Bunda, mkoani Mara. Magharibi yake kuna Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Victoria. Upande wa pili kuna ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambao kusini mwa mji, penye lango la Ndabaka, unakaribia kabisa kuligusa ziwa. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, mazao yakikaribia kukomaa watu hukesha wakipiga madebe, ngoma na honi, wakimulika tochi na kupaza sauti ili tembo wageuze njia. Msanii anayefika na kinasa sauti akidhani viumbe wamekaa kimya wakimngoja awasikilize, atakuta mazungumzo yalianza zamani.

Kambi za wasanii si kitu kigeni nchini. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2008, imekuwa ikiwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi na nafasi ya kukaa na wenzao kutoka nje. Hata hivyo kambi ya waimbaji wanaotaka kufanya kazi na sauti za ziwa, ndege na wanyama ina mahitaji yake, na hitaji kubwa kuliko yote halimo katika orodha za kawaida za wafadhili: watu wa mahali hapo ambao sauti zao ni sehemu ya kazi zao za kila siku. Mchungaji anayeita ng'ombe, mtoto anayeamia ndege, mvuvi anayemwita mwenzake mtumbwi kwa mtumbwi. Hao ndio walimu. Kambi isiyowaweka kwenye bajeti itatoa waimbaji wanaoigiza kasuku.

Anayepanga aanze na msimu, fedha zifuate. Vipindi viwili vinafaa. Cha kwanza ni mwishoni mwa Mei hadi Juni: masika yanakatika, mtama unakomaa na ndege wanaushambulia, na nyumbu wanaohama kwa kawaida huwa wamefika upande wa Mto Grumeti, ingawa mvua ndiyo inayoamua tarehe zao. Cha pili ni Novemba, vuli ikishashika. Hapo vyura hufanya kazi usiku kucha na kwera husuka viota kwa kelele zisizo na mwisho. Ubaya wa Novemba ni udongo mweusi wa mbuga, hasa tambarare za Ndabaka, ambao ukilowa hushika gari na viatu bila kuchagua. Kama kundi lina gari moja na watu wasiozoea matope, Juni ni salama zaidi.

Muda usiwe chini ya wiki tatu. Siku za kwanza zote ni za salamu, na mtu anayezipunguza ili awahi kurekodi huishia kurekodi watu wanaomwogopa.

Salamu zenyewe zina mpangilio. Mgeni huanza kwa afisa utamaduni wa halmashauri, hapo hupewa barua ya utambulisho, kisha huenda kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Shughuli za sanaa za nchi nzima ziko chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na waandaaji wa onyesho la hadhara wanapaswa kuuliza huko mapema kuhusu vibali. Wasanii wa kutoka nje ya nchi waulize pia Uhamiaji aina ya kibali kinachowafaa kabla ya kukata tiketi. Wanaokuja kwa utafiti hupitia COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kuingia Serengeti ni mlango mwingine, wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wenye ada na masharti yake kwa wanaorekodi kwa ajili ya kazi za biashara. Kwa kweli kambi ya sauti inaweza kumaliza wiki zake zote bila kuingia hifadhini. Mpaka wa hifadhi hauzuii sauti: simba akinguruma usiku uliotulia husikika kilomita kadhaa, na anayeketi nje ya mpaka anasikia bure kile ambacho aliye ndani amelipia.

Kuhusu malazi, sheria ni moja: mbali na lami. Bunda inapitiwa na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na malori hayalali. Nyumba ya kukodi mtaani Nyasura ni nzuri kwa kupika, kulala na kufanya mazoezi ya mchana. Kwa kusikiliza, kundi litafute vituo vingine viwili au vitatu vya kwenda na kurudi, kimoja kikiwa mwalo wa wavuvi, kingine shamba la mtama la mtu aliyekubali wageni, na cha tatu mwinuko kama kilima cha Balili, ambako tambarare na ghuba huonekana kwa pamoja na sauti za chini hupanda zikiwa zimechujwa.

Saa ya kambi ifuate jua la huku, ambalo lina tabia yake. Bunda iko karibu na nyuzi 34 mashariki, lakini inatumia saa moja na pwani; kwa hiyo jua huchomoza dakika zipatazo 20 baada ya Dar es Salaam, kati ya saa 12:20 na 12:50 asubuhi kutegemea mwezi. Ndege huanza kabla yake. Waimbaji wawe wamekaa mahali pao saa 11 alfajiri, wamekunywa maji, hawajaongea. Wakati huo upepo ni mdogo na hewa iliyo karibu na ardhi ni ya baridi kuliko ile ya juu, hali inayoipinda sauti kurudi chini badala ya kuiacha ipotee angani. Ndiyo maana mlio wa mbali sana huonekana kama uko jirani. Jua likipanda hali hiyo huvunjika, na mchana upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Kurekodi ufukweni saa 9 alasiri ni kurekodi upepo.

Kwa hiyo alfajiri ni ya kusikiliza, asubuhi ni ya kujaribu kwa sauti, mchana ni wa kupumzisha koo na kusikiliza yaliyorekodiwa, jioni ni ya kuwatembelea watu. Usiku wa vyura una ratiba yake.

Zoezi la kwanza linafundishwa na tiva, ndege wa vichakani wa jamii ya mbwigu. Kando ya Ziwa Victoria yuko tiva mweusi mgongoni na mwekundu kama damu tumboni, na dume na jike huimba pamoja: mmoja akitoa mlio, wa pili anajazia upande wake kwa sehemu ndogo ya sekunde, kiasi kwamba asiyejua huapa kuwa amesikia ndege mmoja. Mwanasayansi Mwingereza W. H. Thorpe alizichunguza duru za namna hii kwa tiva wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970. Maelezo ya kawaida ni kwamba wanaoishi kwenye majani mazito hawaonani, hivyo hujuana walipo kwa kuimba, na wakati huohuo huwaambia majirani kwamba eneo lina wenyewe.

Waimbaji wawili wasimame pande mbili za kichaka wasipoonana. Mmoja atoe silabi moja, mwingine amalize. Watajikwaa kwa muda mrefu, kwa sababu mwanadamu husubiri kusikia hadi mwisho ndipo ajibu, ilhali tiva anajibu kana kwamba alishajua. Wasibadilishe silabi mpaka pengo kati yao limefungwa. Baada ya hapo waongeze umbali: hatua 20, 50, kisha kutoka kichaka hadi mtumbwi uliofungwa majini. Umbali utawalazimisha kuacha sauti ya kanisani yenye kutetema na kutafuta sauti iliyonyooka, na hapo ndipo walimu wa mwaloni wanapohitajika, kwani wao wameshaipata zamani.

Wavuvi wa dagaa huenda ziwani siku za giza, yaani pale mwezi usipoonekana, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta dagaa juu. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za sola na betri. Mtu anayetaka kusikia namna wanavyoitana aombe ruhusa kwa uongozi wa mwalo na BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi, na akubali kubaki nchi kavu ikiwa wataamua hivyo. Ziwa hili lina kina cha wastani cha mita 40 tu, hivyo upepo ukianza mawimbi huinuka upesi, na dhoruba zake hupenda usiku wa manane. Jaketi la kuokolea maisha ni kifaa cha kwanza cha muziki kwa yeyote anayepanda mtumbwi. Kuogelea katika maji ya ukingoni ni kualika kichocho, na mamba nao wapo.

Shamba la mtama lina mafunzo ya aina nyingine. Anayeamia ndege hana muda wa kuimba wimbo. Anatoa sauti za kukatisha, anabadilisha mahali, anapiga makofi, anarusha udongo, kisha ananyamaza kwa makusudi. Ndege huzoea haraka kelele inayorudiwa kwa mpangilio mmoja. Kwa mwimbaji hilo ni somo gumu la utunzi, kwa sababu karibu kila kitu alichojifunza kuhusu mdundo kinamvuta kwenye kurudiarudia, na hapa hadhira inayorudi ni hadhira iliyomshinda. Mpe mwenye shamba siku kadhaa za msaada wa kweli. Atapata mavuno zaidi, na waimbaji watapata wasikilizaji wasiopiga makofi kwa adabu.

Wanawake wa Mara wana kipawa kingine ambacho kambi nyingi hukipita bila kukiona kwa sababu ni cha kawaida mno: vigelegele. Ulimi unaotikiswa haraka juu ya sauti nyembamba hupenya ngoma na upepo kuliko wimbo wowote. Mshiriki akiwaomba akina mama wamfundishe, asikilize wanavyoshika pumzi. Huko ndiko iliko siri, si kwenye ulimi.

Mkoa unajulikana zaidi kwa litungu, kinubi kikubwa cha Wakurya, na ni kawaida mwenyeji kumletea mgeni mpiga litungu siku ya kwanza. Apokelewe kwa heshima na alipwe, lakini ratiba ya sauti isigeuke tamasha la ala.

Vyura wa Novemba wanafaa kwa kwaya nzima. Ukikaribia dimbwi wananyamaza; kaa, zima tochi, subiri. Mmoja ataanza, wengine watafuata, na sikio litagundua kwamba kila aina ina sehemu yake: mmoja chini kabisa, mwingine juu, mwingine katika mapengo ya wenzake. Bernie Krause, Mmarekani aliyeanza kurekodi viumbe porini mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu The Great Animal Orchestra mwaka 2012, amejenga hoja yake yote juu ya jambo hilo: katika mahali pasipovurugwa, wanyama hugawana nafasi za sauti ili kila mmoja asikike. Watu sita wakae duara gizani, kila mmoja achague sauti moja na aingie pale tu anapoona pengo. Pikipiki ikipita, nayo ipewe nafasi yake. Msanii wa Nairobi Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyemwachia jina hilo, amejijengea jina kimataifa kwa kutokubagua kati ya sauti za mjini na za porini, na Nyasura, yenye bodaboda, kengele za kanisa, adhana na kwarara wanaopiga kelele juu ya mapaa ya bati, haina sababu ya kujifanya msitu.

Kuna viumbe ambao hawapaswi kuigwa kwa karibu. Kiboko ni wa kwanza. Utafiti wa 2022 uliofanywa Msumbiji ulionyesha kwamba viboko hutambua milio ya majirani zao, na wakisikia ya mgeni hujibu kwa nguvu zaidi, hadi kurusha mavi. Mlio wa kiboko unasafiri hewani na majini kwa wakati mmoja, hivyo mwigaji hodari hawezi kujua amewaudhi wangapi. Sheria ileile ihusu kucheza sauti za ndege kwa spika: ndege anayesikia mpinzani asiyemwona anaweza kuacha kulisha makinda ili amtafute. Mara moja kwa ajili ya kujifunza inatosha, na msimu wa viota isifanywe kabisa.

Mfano bora wa sauti ya binadamu inayojibiwa na ndege uko Tanzania hiihii, kusini-mashariki mwa Serengeti, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Wanapotafuta asali hupiga mluzi wa namna fulani, na mlembe huja kuwaongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki. Wao hupasua mti, yeye hula nta. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji hufanya vivyo hivyo kwa mlio tofauti kabisa, wa mtetemo unaomalizika kwa mguno. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha matokeo ya kulinganisha: mlembe wa Uhadzabe aliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na mlembe wa Msumbiji naye aliupendelea mwito wa kwao. Ndege wamejifunza lahaja ya wenyeji. Kwa hiyo mwimbaji anayefika Bunda na miito aliyoipakua mtandaoni amebeba lugha isiyozungumzwa hapo.

Linabaki suala la nani ana haki ya sauti iliyorekodiwa, na hapa ndipo kambi nyingi huacha uchungu nyuma. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kericho wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kijijini. Wimbo huo ulizunguka dunia. Ulikuja kurudishwa kwao mwaka 2014, pale hifadhi ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi, ilipopeleka nakala Kericho. Miaka 64 ni mingi mno kwa mtu kusubiri kusikia sauti yake.

Siku hizi simu inarahisisha: nakala inarudi jioni ileile. Mshiriki amwekee mzee aliyemrekodi hedifoni, amwulize kama anataka ifutwe, na jibu la ndiyo liheshimiwe papo hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, hivyo mwito wa ng'ombe wa ukoo fulani haumo katika vitu vya kuokota na kuuza. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti, na yataje posho ya siku, mgao ikiwa kazi itauzwa, na namna jina litakavyotajwa au kutotajwa. Kuna pia mahali ambapo kinasa sauti hakipaswi kuwashwa bila ruhusa ya wenyewe. Msitu wa Muhunda huko Butiama, jirani na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere, ni mahali pa mizimu kwa Wazanaki. Anayetaka kwenda aende na mwenyeji, na aambiwe la kufanya.

Vifaa visizidi uzito wa begi moja. Kinasa sauti kidogo kinachobebeka, kikofia cha manyoya cha kuzuia upepo, hedifoni zinazoziba masikio vizuri, betri za ziada na diski mbili za kuhifadhia zinazolala nyumba tofauti. Kwa koo: maji mengi, kitambaa cha kuzuia vumbi la Juni, na mapumziko baada ya kila nusu saa ya kupaza. Furukombe hutupa kichwa nyuma anapolia na hapati sauti ya mkwaruzo kesho yake. Mwimbaji akimwiga kwa shingo badala ya mbavu atakaa kimya siku tatu, na kambi ni fupi.

Onyesho la mwisho lifanyike mwaloni au kwenye kiwanja cha shule, bila vipaza sauti ikiwezekana, na walimu wa kambi wasikae viti vya mbele kama wageni rasmi bali waimbe. Tarehe ipangwe kwa kalenda ya mwezi. Onyesho likiangukia giza, wavuvi wote watakuwa ziwani na waandaaji watawaimbia madiwani na watoto peke yao. Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa hupumzika, nyavu hushonwa, wanaume wako nyumbani, na gharama ya taa inafutwa kwenye bajeti.